Lebo za slaidi za zamani: ipi ubandike, ipi uiache dukani

Mtu akirithi sanduku la slaidi, zile picha za filamu zilizo ndani ya fremu ndogo za kuonyeshea ukutani kwa projekta, liwe la misheni, la kituo cha utafiti wa kilimo, la daktari mstaafu au la baba aliyependa kamera, kitu cha kwanza anachokimbilia ni stika. Zinapatikana kirahisi. Unashuka Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, unaingia stesheneri ya kwanza, unatoka na karatasi nzima ya vibandiko kwa hela ndogo. Muuzaji hatakuuliza maswali matatu ambayo ndiyo yanaamua karibu kila kitu: fremu ya slaidi ni ya kadibodi, plastiki au kioo? Slaidi itarudi kwenye projekta au imestaafu? Na sanduku litakaa mji mkavu kama Iringa, au kwenye mvua za Tukuyu?

Asiye na muda aondoke na jibu langu hapa hapa. Fremu ya kadibodi iandike kwa penseli, usibandike kitu. Fremu ya plastiki ipe lebo ya karatasi yenye gundi ya akriliki (ya kutengenezwa kiwandani, isiyo ya mpira), iliyochapwa kwa printa ya leza. Slaidi itakayoonyeshwa tena ukutani usiibandike lolote. Maelezo yake yakae kwenye mfuko wa kuihifadhia na kwenye daftari. Mwenye muda aendelee, maana kila jibu hapo lina masharti yake.

Kwanza tujue uwanja wenyewe. Slaidi ya kawaida ya milimita 35 ina picha ya milimita 24 kwa 36 ndani ya fremu ya mraba wa milimita 50. Ukitoa dirisha, picha ikiwa imelala, unabaki na ukingo wa kama milimita 13 juu na chini, na milimita 7 au 8 kila ubavu. Ndipo pa kuandikia, basi. Lebo ndogo za anwani za Marekani, zile za nusu inchi kwa inchi moja na robo tatu (milimita 12.7 kwa 44.5), zilipendwa na wapiga picha kwa sababu zinaenea hapo bila kugusa dirisha. Stika ya bei ya dukani mara nyingi haienei, na mwenye haraka huikunja ikapita ukingoni hadi upande wa pili. Fremu inanenepa, na mkunjo ndio unaoanza kunyanyuka.

Lebo iliyobandikwa vizuri haiigusi filamu. Madhara yake hupita njia nyingine: gundi inayotambaa na kuinasa slaidi ya jirani, hewa chafu inayotoka kwenye gundi au plastiki na kukaa ndani ya sanduku lililofungwa, na lebo inayodondoka ikaondoka na habari zote. Vitabu vya utunzaji vinazungumza sana juu ya hizo mbili za mwanzo. Kwa masanduku niliyoyapitia mimi, ya tatu ndiyo iliyoharibu zaidi.

Stika ya stesheneri na lebo ya akriliki

Gundi ya stika nyingi za bei nafuu msingi wake ni mpira uliochanganywa na utomvu ili unate upesi. Mpira ukikutana na oksijeni huzeeka kwa hatua. Kwanza unalegea na kuwa na mafuta, unapenya karatasi, unaacha doa la manjano linaloonekana hadi upande wa pili, na unatambaa nje ya kingo za lebo. Hapo ndipo slaidi mbili zinagandana. Miaka ikienda unakauka, unakuwa wa kahawia na mgumu, na lebo inaachia yenyewe.

Fungua sanduku lililofikia hatua hiyo uone. Chini kuna vipande vya karatasi vilivyojikunja, kimoja kimeandikwa "Kimondo, Mbozi", kingine "Daraja la Mungu", kingine "Uyole, ngano, shamba la 3". Juu yake zimesimama slaidi zenye mstatili wa kahawia pale lebo ilipokuwa. Kimondo utakitambua, na Daraja la Mungu pia. Sasa niambie shamba la 3 la Uyole ni lipi kati ya slaidi arobaini za ngano.

Akriliki haina ugonjwa huo. Haili oksijeni kama mpira, haigeuki manjano kirahisi, na inabaki wazi kwa miongo mingi. Lakini ina ubaya wake, na wauzaji hawausemi: kadiri inavyokaa ndivyo inavyoshika zaidi. Ukibandika leo unaweza kuibandua kesho. Ukirudi baada ya miaka kumi utaondoka na ngozi ya juu ya kadibodi. Joto nalo huilegeza ikasogea kidogo kidogo. Kwa hiyo lebo ya akriliki iweke pale tu ambapo uko tayari ibaki milele.

Kuna wanaodhani wamepata njia ya katikati kwa kutumia vibandiko vinavyobanduka, vile vya rangi vya kuandikia vikumbusho ofisini. Hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote kwa kazi hii. Vinaacha utando usioonekana unaokamata vumbi, halafu vinadondoka. Selotepu nayo, iwe ya ofisini au ya kufungia maboksi, sitaipotezea sentensi ya pili.

Pia zipo lebo zenye utando wa alumini kati ya karatasi na gundi, zinazotumika maktaba kwenye migongo ya vitabu. Alumini huzuia gundi isipenye kuja juu, kwa hiyo maandishi hayapati doa. Ni nzuri kwa maboksi na majalada. Kwa slaidi naziona nene mno.

"Haina asidi" na jaribio lenyewe

Mwalimu mstaafu mmoja wa Njombe alinibana kwa swali zuri. "Mwanangu, hiyo akriliki unayoisifia imekaa miaka mingapi hata wakajua?" Nikamjibu, "Mwalimu, hawakungoja. Wanaipika."

Ndivyo ilivyo. Jaribio linaitwa PAT (Photographic Activity Test, yaani kipimo cha kuona kama kitu kinadhuru picha), nalo limewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 18916. Taasisi inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Image Permanence Institute ya Rochester, New York. Wanachukua karatasi, gundi au wino unaopimwa, wanaugandamiza na vipande viwili vya kupimia: kimoja kina chembe za madini ya fedha ndani ya jelatini (ute mkavu unaoshikilia picha kwenye filamu) kuonyesha kama picha ingefifia, kingine ni karatasi ya picha kuonyesha kama ingepata madoa. Vyote vinawekwa kwenye kabati lenye nyuzi 70 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 86 kwa siku 15. Baada ya hapo vipande vinapimwa na kulinganishwa na vile vilivyokaa na karatasi safi.

Maneno "haina asidi" kwenye pakiti hayafiki huko. Yanaweza kuwa yanasema kweli juu ya karatasi na yasiseme lolote juu ya gundi iliyo nyuma yake, ambayo ndiyo tunayoiogopa. Karatasi isiyo na asidi siku inapotoka kiwandani inaweza pia kuanza kutengeneza asidi baadaye kama imetokana na nyuzi duni. Mimi nikikuta pakiti mbili, moja "haina asidi" na nyingine "imefaulu PAT", ya kwanza siigeuzi hata nyuma.

Hata hivyo tusiutukuze mtihani kupita kiasi. Slaidi ya rangi haina fedha. Fedha iliondolewa wakati wa kusafisha filamu, na kilichobaki ni rangi ndani ya jelatini. Jaribio linatumia fedha kwa sababu fedha ni nyepesi kudhurika na inatoa taarifa mapema. Lebo iliyofeli ikatae. Iliyofaulu imeruhusiwa kuingia getini, na bado unatakiwa kuitazama.

Maandishi: joto, wino, leza

Kila mwenye duka Tanzania anaijua karatasi ya joto hata kama hajawahi kuiita hivyo. Ni ileile ya risiti ya EFD, ambayo ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inageuka nyeusi na ukiiweka kwenye faili inafifia hadi huoni kiasi ulicholipa. Mashine ndogo za lebo zisizotumia wino wala utepe zinafanya kazi kwa karatasi hiyohiyo. Lebo zake zinatoka haraka na ni nadhifu, na hazifai kwa kitu chochote unachotaka mjukuu asome.

Printa ya wino inategemea wino. Ule wa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na tone moja la mkono uliotoka mvuani linauvuruga. Kuna wino wa chembe usioyeyuka, ambao ni bora zaidi, ila muulize fundi kama kweli ndio uliomo kwenye printa yake, maana chupa za kujazia zinachanganywa sana.

Leza ndiyo ninayoichagua. Weusi wake ni kaboni iliyoyeyushwa pamoja na plastiki na kugandamizwa kwenye karatasi. Haufifii kwa mwanga wala hauchuruziki kwa maji. Mashine za steshenari nyingi Iringa na Mbeya ni za leza, hivyo unaweza kwenda na karatasi yako ya lebo ukachapiwa. Masharti ni mawili. Karatasi iwe imetengenezwa kwa ajili ya leza, kwa sababu mashine hiyo hupasha moto na gundi isiyozoea moto hutoka pembeni. Na usiirudishe karatasi iliyokwishatolewa lebo kadhaa: moja ikibanduka ndani ya mashine, mwenye duka hatakusamehe, na atakuwa na haki.

Uji wa ngano na gundi ya kulamba

Wahifadhi wa vitabu na nyaraka wanaupenda uji wa wanga uliopikwa, wa ngano au mchele, na gundi ya selulosi ya methili. Sababu ni kwamba maji yanaviachisha tena. Kwa karatasi juu ya kadibodi ni njia ya heshima, haina gharama na haiachi doa la manjano. Gundi ya kulamba kama ya stempu za zamani iko ukoo huohuo.

Hapa ndipo mahali panapobadilisha hukumu. Mji wa Iringa ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Uji wa ngano ukikauka unakaa, ingawa lebo hukunjamana pembeni kiangazi kikikolea. Tukuyu ni hadithi nyingine. Sehemu za milimani za Wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, nguo zinakaa kambani siku mbili, na wanga kwenye hewa hiyo ni chakula. Kuvu wataupata, na mende watafuata. Jelatini ya filamu nayo wanaila, kwa hiyo umewawekea meza karibu na nyama. Kwa sanduku linaloishi Rungwe, Njombe ya milimani au Mufindi, uji wa ngano naukataa kabisa. Na popote lilipo, usiutumie juu ya plastiki; hautashika.

Kutobandika kabisa

Kwa fremu ya kadibodi, hakuna lebo inayoishinda penseli. Grafiti ni kaboni: haififii, haichuruziki, haitoi harufu, na ukikosea unafuta. Chukua HB au laini kidogo kuliko hapo, laza slaidi juu ya meza ngumu, andika kwenye ukingo bila kukandamiza, mbali na dirisha. Namba tu inatosha, kama IR-0412. Hadithi yote, yaani nani, wapi, lini, nani alipiga, ikae kwenye daftari au jedwali la kompyuta lenye nakala mbili.

Kabla hujaandika, soma kilichopo. Fremu nyingi za Kodak zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka, wakati mwingine kwa wino, wakati mwingine kwa kubonyezwa tu hadi uinamishe slaidi kwenye mwanga ndipo uone. Hiyo ni tarehe ya kusafishwa, si ya kupigwa. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyoingia sokoni 1935 na kusitishwa 2009, ilihitaji maabara maalum, na maabara hizo zilikuwa chache duniani. Ya mwisho, ya Parsons huko Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Filamu iliyopigwa Mufindi ilibidi isafiri kwa posta, ikae foleni, ndipo irudi, kwa hiyo muhuri wa Novemba unaweza kuwa wa picha ya Agosti. Lebo iliyobandikwa juu ya muhuri huo imefuta ushahidi ambao hakuna daftari litakaloutoa tena. Hii peke yake ingetosha kunifanya nichague penseli.

Fremu ya plastiki ndiyo inayoipa lebo sababu ya kuwepo. Penseli inateleza, kalamu ya kawaida ya wino inafutika kwa kidole. Maka peni zinazonuka spiriti zinaandika, lakini zina viyeyushi ambavyo sitaki karibu na filamu, na wino wake wa rangi huhama. Kalamu za wino wa chembe kama Pigma Micron za Sakura ni nzuri sana kwenye karatasi. Kwenye plastiki laini zinakwaruzika, ila fremu nyingi zina sehemu iliyokwaruzwa kiwandani, na hapo zinashika kama utaziacha zikauke vizuri. Kama fremu haina sehemu hiyo, basi lebo ya akriliki. Ifute fremu kwanza kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, bandika, kandamiza kwa mfupa wa kukunjia karatasi au mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni.

Fremu zenye kioo nazipita haraka: bandika kwenye plastiki tu, kamwe si juu ya kioo wala juu ya mshono, na kabla ya hapo tazama kama kuna kuvu ndani. Kioo hufungia unyevu.

Lebo kwenye mfuko

Karatasi za plastiki zenye mifuko ya slaidi huchukua slaidi 20 kila moja. Lebo ikikaa juu yake, kwenye ukanda wa pembeni, haigusi slaidi hata moja, na ukitaka kuibadilisha miaka ijayo unabadilisha karatasi. Kwa mkusanyo mkubwa hii ndiyo njia yenye akili zaidi. Lakini lebo nzuri juu ya mfuko mbaya ni kazi bure. Chagua polipropilini, polithini au poliesta. PVC iache: inatoa asidi na vilainishi vinavyohamia kwenye filamu. Muuzaji asiyejua anauza plastiki gani, mfuko wake unuse. Ukinuka kama pazia jipya la bafu, rudisha.

Udhaifu wa mfuko ni mikono ya watu. Slaidi itatolewa, itaonyeshwa, itarudishwa mfuko wa jirani. Ndiyo maana namba ndogo kwenye fremu yenyewe haiepukiki, hata kama maelezo yote yako nje.

Kama projekta bado inawaka

Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi 2004, lakini zilizopo hazijafa, na bado kuna parokia zinazoonyesha picha za jubilei kwa namna hiyo. Ndani ya mashine hiyo slaidi inakaa karibu na taa ya wati mia kadhaa. Gundi inapata joto, pembe ya lebo inanyanyuka, na slaidi inayotakiwa kudondoka kwa uzito wake inakwama katikati ya hadhira. Trei ya slaidi 140 ina nafasi nyembamba kuliko ya 80. Humo hata lebo nzuri ni hatari. Kama ni lazima, tumia ya 80.

Zamani wengi walibandika kidoti cha duara kuonyesha jinsi ya kuingiza slaidi: picha ikiwa wima na inasomeka sawa mkononi, kidoti kinakaa kona ya chini kushoto; ukiigeuza kichwa chini kuingia kwenye trei, kinakuwa juu kulia, chini ya dole gumba. Utaratibu ni mzuri. Weka kidoti cha penseli au kalamu badala ya stika.

Nani achukue nini

Familia yenye sanduku moja: penseli, daftari, na karatasi chache za mifuko ya polipropilini. Usiagize lebo kutoka nje kwa slaidi mia. Usafirishaji utakula bei ya lebo mara kadhaa. Parokia, hospitali au taasisi yenye maelfu: agizeni pakiti ya lebo za leza zenye gundi ya akriliki, mzigo mmoja kwa pamoja, kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya nyaraka kama Gaylord Archival wa Marekani au Preservation Equipment wa Uingereza, na zitumike kwenye fremu za plastiki na maboksi tu. Mkipata ofa ya lebo za poliesta zinazochapwa kwa utepe wa rezini, ni imara kuliko karatasi, ila zinahitaji mashine yake, na ukiharibu utepe Makambako hutaupata. Mpiga picha wa Ruaha ambaye bado anapeleka slaidi kwenye mihadhara aandike namba kwa kalamu kwenye sehemu iliyokwaruzwa, na asibandike.

Halafu kuna lebo za zamani ambazo tayari zipo. Zipige picha zote kwanza, mbele na nyuma, kabla ya kugusa. Iliyoshika vizuri iache hata kama ni mbaya. Inayonyanyuka, ipitishie wembe mwembamba chini yake taratibu, na iweke kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya slaidi. Usitumie petroli, tina wala asitoni ya kutolea rangi ya kucha. Asitoni huyeyusha fremu nyingi za plastiki na kudhuru filamu, na kikausha nywele kinapika vyote kwa pamoja. Slaidi zilizogandana kwa gundi iliyotambaa hadi karibu na dirisha hazihitaji kusafishwa bali kuhamishwa: fungua fremu, toa filamu kwa kushika kingo ukiwa na glavu za pamba, iingize kwenye fremu mpya ya plastiki, andika namba ileile. Ukiona filamu inanuka siki, dalili kwamba inaoza, itenge mara moja na nyingine. Fremu ya zamani usiitupe. Ina muhuri wa tarehe na mwandiko wa mwenyewe. Ifunge kwenye bahasha, iandike kwa penseli, na iwekwe sanduku tofauti na filamu.